Nani Alilitengeneza Jeneza la Mlingotini

Nyumbani wananiita Mstaafu. Alianza binamu yangu Omari, siku niliporudi Bagamoyo na begi la nguo na maboksi ya vitabu ambayo mpaka leo sijayafungua. Mama alikuwa ananiuliza kama nimeachishwa kazi au nimeacha mwenyewe, nami nikawa natafuta jibu litakalokuwa la kweli pande zote mbili. Omari akasema, "Mwacheni apumzike. Ametumikia taifa." Wakacheka wote, jina likabaki.

Sijafika hata miaka thelathini na tano. Lakini kazi ya kutafiti historia ya ubunifu wa vitu nimeimaliza, na uchovu ulionibaki ni wa mzee kabisa. Nyinyi wadogo zangu mnaokuja dukani kwa mama, mkijifanya mnanunua kalamu, kisha mnauliza kazi ile inaanzwaje, nimeona niwaandikie. Nikieleza kwa mdomo najisahihisha kila baada ya sentensi, nanyi mnaondoka mmechanganyikiwa kuliko mlivyokuja. Kwa maandishi angalau mnaweza kuruka.

Kazi yenyewe shangazi yangu hajaielewa hadi leo, na simlaumu. Tunakitazama kitu alichokitengeneza mtu, tuseme kiti, tunauliza kwa nini kina umbo lile. Nani aliamua kimo chake? Alikuwa anaufikiria mwili wa nani? Na kwa nini mjukuu wake alipokirithi akakata miguu? Shangazi husema, "Yaani ulisoma chuo kikuu ili ukatazame stuli?" Ndiyo, shangazi. Stuli, vitanda vya kamba, mbuzi za nazi, marufaa ya kuwekea msahafu. Hivyo ndivyo nilivyokula ujana wangu.

Nilianza na dodoso. Mtaambiwa dodoso ni chombo cha utafiti. Mimi langu lilikuwa ugonjwa. Nililiandika upya mara nyingi kiasi kwamba maswali yalianza kujibizana yenyewe. Swali la kwanza, nililoliona salama kuliko yote, lilikuwa hili: "Nani alibuni kitu hiki?"

Nikaenda nalo Mbegani kwa mzee mmoja mwenye kiti cha baba yake, kiti kizuri chenye mgongo wa kamba za ukindu. Tulisalimiana vizuri, chai ikaja, nikauliza.

"Kubuni?" akasema mzee.

"Ndiyo, mzee. Nani alikibuni?"

Akaweka kikombe chini. "Kijana, baba yangu hakuwa mtu wa kubunibuni. Alichokisema ndicho kilichokuwa."

Darasani ubunifu ni sifa. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba mtu wa pwani ukimwambia baba yake alibuni, anaweza kusikia kwamba alikuwa anatunga uongo. Ningenyamaza yangekwisha. Mimi nikaona nifafanue. "Samahani, mzee, sikusema marehemu alikuwa muongo." Neno hilo nikalitamka ndani ya nyumba yake, kwa sauti ya wazi, huku nimekalia kiti cha marehemu. Mkewe akaniletea viatu vyangu, amevishika kwa adabu kabisa, akavipanga mlangoni vikitazama nje.

Niliyekuwa naye siku hiyo ni Dada Rehema, mtafiti aliyenitangulia kazini miaka mingi na aliyepewa mzigo wa kunifundisha. Alijizuia mpaka tulipofika barabarani, kisha akacheka mpaka akashika nguzo ya umeme.

"Sikia," akasema alipopata pumzi. "Usiulize mambo ya kubuni. Uliza kiliwahi kuvunjika wapi. Kujisifu kwamba mtu kaunda kitu, watu wanaona haya. Lakini habari za kuvunjika kila mtu anazo, na kila mtu anajua kosa lilikuwa la nani."

Hilo ndilo somo kubwa nililopata katika kazi ile, na nimewapa bure. Mengine ni madogo. Msipige picha kabla hamjala mlichokaribishwa. Chukueni futi ya fundi cherehani, ile ya kitambaa, kwa sababu ile ya chuma inayojirudisha kwa kishindo hutisha watoto na kuku, na mtu akishtuka hazungumzi tena vizuri. Na kila kitu mkipindue. Juu kumefutwa kwa ajili ya wageni. Chini hakuna aliyewahi kupapamba. Msumari wa kiwandani, alama ya msumeno, kipande cha mbao kilichotolewa kwenye sanduku la sabuni, vyote viko chini. Dada Rehema alikuwa akiingia nyumba ya watu, baada ya salamu na mazungumzo marefu ya afya za ukoo mzima, anasema tu, "Mama, naomba nilale hapa chini kidogo," na wanamruhusu. Mimi nikisema hivyo wanaleta maji wakidhani nimeishiwa nguvu.

Sasa nadharia. Najua mnaiogopa, nami nilikuwa naiogopa, lakini nadharia ni namna ya kuamua utatazama wapi kwanza. Mkuu wa mradi wetu, tuliyezoea kumwita Daktari, alitazama asili. Ukutani kwake kulikuwa na ramani ya bahari yenye mishale myekundu: huu umetoka Uarabuni, huu Bara Hindi, huu kwa Wareno. Kila kitu cha pwani kwake kilikuwa na mama ng'ambo ya maji, na kazi yetu ilikuwa kumtafuta mama huyo. Dada Rehema alitazama matumizi. Kwake kiti kilikuwa kinaendelea kuundwa kila siku mtu anapokikalia, anapokiegemeza ukutani, anapokipiga msumari. Mimi niliwaamini wote wawili, na hiyo ndiyo sababu nilikuwa silali.

Yaliyotokea Mlingotini yalitokana na tofauti hiyo.

Msikiti mmoja wa pale ulikuwa na jeneza la mbao la siku nyingi. Siyo sanduku la kuzikia. Nasema jeneza la kwetu, kitanda cha kubebea maiti hadi makaburini, ambacho baada ya maziko hurudishwa msikitini kumsubiri mwingine. Lilikuwa limeungwa kwa ndimi za mbao zilizoingizwa kwenye matundu. Ukilitazama kwa juu huoni msumari. Mfadhili mmoja alikuwa ameleta jeneza jipya la aluminiamu, jepesi, na chumba cha kuhifadhia vitu kilikuwa kinavunjwa ili wanawake wapate mahali pa kutawadhia. Jeneza la zamani halikuwa na pa kukaa. Daktari akapata habari. Mradi ulikuwa unataka kufungua makumbusho madogo mjini Bagamoyo na bado haukuwa na kitu cha kuweka katikati ya chumba. Kamati ya msikiti ikasema, leteni mtu alichunguze, akiandika kwamba lina thamani, lichukueni likatunzwe.

Mtu huyo nikawa mimi.

Kabla sijafika msikitini nikaitwa nyumbani kwa Bi. Zuhura. Marehemu baba yake, Fundi Hamza, ndiye kijiji kizima kilikuwa kinasema alilitengeneza jeneza lile na kulitoa wakfu. Nilimkuta anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayekuja kulichukua jeneza la baba?"

"Hapana, mama. Mimi nakuja kuandika tu."

"Kuandika ndiko kuchukua kwenyewe." Hakuinua macho. "Kaa. Unajua sadaka ya kuendelea?"

Nilijua. Tumefundishwa chuoni, chuo cha Kurani, tungali wadogo: mtu akifa amali zake hukatika, isipokuwa machache, na moja ni sadaka ambayo watu wanaendelea kunufaika nayo. Kisima, mti wa matunda, msikiti.

"Baba hakuacha kisima," akasema Bi. Zuhura. "Hakuacha shamba la maana. Aliacha lile. Kila anayebebwa humo, baba anapata fungu lake huko aliko. Mimi nikisikia kuna msiba namwombea maiti, halafu namkumbuka baba, nasema leo amepata. Sasa mkiliweka kwenye kioo, atabebwa nani?"

"Watu watakuja kuliangalia, mama. Watalijua jina la baba yako. Hata wageni kutoka mbali."

"Kuangaliwa kuna thawabu gani?"

Nilikuwa nimesoma sura nzima kuhusu maana ya kitu kinapoingia makumbusho, na hakuna mwandishi hata mmoja aliyeliuliza swali lile.

Akasukuma ungo pembeni. "Andika kwamba halina thamani. Andika ni bovu, halifai kutazamwa. Mwanangu, mimi sijakuomba kingine."

Nikatoka pale nimebeba kitu kizito kuliko jeneza. Nikiandika halina thamani, ni uongo, na kamati itaona hakuna haja ya kulitafutia mahali, litaishia kuwa kuni. Nikiandika lina thamani, linakwenda kwenye kioo. Niligeuza hivi na vile njia nzima. Nilimpigia Dada Rehema simu, nikamweleza yote kwa pupa, nikamaliza na hoja zangu za maadili ya utafiti, nne upande huu na nne upande ule.

Akanisikiliza, akauliza, "Umelipindua?"

Sikuwa nimelipindua. Nilikuwa sijaliona hata kwa macho.

Jeneza halipinduliwi hivi hivi. Niliomba ruhusa kwa imamu, akakubali baada ya sala ya adhuhuri, na wanaume kadhaa wakabaki kunisaidia. Kiongozi wao alikuwa Mzee Mbwana, mjumbe wa kamati, mtu wa asili ya Miono na mtani wa ukoo wa Fundi Hamza, kwa hiyo mwenye haki ya kusema lolote kuhusu ukoo ule wakati wowote, msibani ndiyo kabisa. Tulipolinyanyua na kuligeuza miguu juu, akapiga kelele:

"Taratibu, kijana! Ukiligeuza hivyo unatuombea nini? Nani amekutuma, Izraili?"

"Anakupima wewe, Mbwana," mmoja akasema. "Ona ameshika futi."

"Anipime vizuri, miguu yangu mirefu. Sitaki kutoka nikining'inia kama papa wa soko la Mbegani."

Wakati wanacheka nikainama na kurunzi. Kwa chini lilikuwa jeneza jingine. Mpiko mmoja wa kubebea begani ulikuwa wa mti mwekundu, mwenzake wa mti wa rangi ya majani makavu. Mguu mmoja ulikuwa na misumari. Kamba za kulalia zilikuwa za nailoni, za wavuvi. Nikauliza swali ambalo nilidhani nimelisafisha kabisa: "Hili nani alilitengeneza?"

"Mimi," akasema Mzee Mbwana.

"Wewe umetengeneza mpiko tu," akadakia mwenzake. "Miguu nimetengeneza mimi."

"Mguu! Mmoja! Na umekaa upande, ndiyo maana marehemu mjomba tulimbeba kama amekasirika."

"Na kamba je? Kamba nani alitengeneza kama siyo mwanangu?"

Nikaandika yote, jasho likinitoka. Watu kadhaa wanadai kulitengeneza jeneza moja, na Bi. Zuhura anasema ni baba yake. Nikawaza kuna ugomvi wa zamani hapa, nimeuamsha, kesho utafika kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilipomsomea Dada Rehema maelezo yale, akacheka kicheko kile cha nguzo ya umeme.

"Kiswahili chetu hicho," akasema. "Kuunda kitu ni kukitengeneza. Kimevunjika ukakirudisha kazini, ni kukitengeneza. Hawakugombana wale. Wote wamekujibu kweli."

Hapo likaja swali ambalo sikulitaka. Ikiwa wote walilitengeneza kwa maana ile ya pili, Fundi Hamza alilitengeneza kwa maana ipi?

Nilirudi kulitazama tena. Katika matundu ya ndimi, pale ambapo patasi hupita, nikaona mstari mwembamba uliojirudia, kama ukingo wa patasi ulikuwa na pengo. Haukuwepo kwenye mipiko, wala kwenye miguu, wala kwenye fremu ya pembeni. Ulikuwepo kwenye mbao mbili za kukatiza katikati. Nikaenda kwa Bi. Zuhura nikamwomba anionyeshe kitu chochote alichoachiwa na baba yake. Akanipa mbuzi ya nazi. Nikaipindua, na kwenye tundu la mguu mstari ulikuwa ule ule. Nikamshukuru, nikamwambia ni mbuzi nzuri. Hakuniuliza kitu, nami nikamshukuru Mungu kwa hilo.

Niliandika ripoti nilivyoona. Kwamba jeneza limepita mikono mingi, kwamba mbao mbili ni za Fundi Hamza bila shaka kubwa, kwamba haiwezekani kusema kama aliliunda lote na vingine vikabadilishwa baadaye, au naye alilikuta likiwa bovu akalirudisha kazini. Kwamba thamani yake iko katika kule kubadilishwa, na kwamba kubadilishwa huko kutakoma siku litakapowekwa kwenye kioo. Sentensi hiyo ya mwisho ilinichukua wiki. Leo nikiisoma naiona ya kawaida sana.

Daktari alisoma amesimama. "Kwa hiyo siyo halisi," akasema.

"Ni halisi, Daktari. Ila siyo la mtu mmoja."

"Nitaandika nini kwenye kibao? Limetengenezwa na nani? Lini? Mshale wake unaanzia wapi?" Akanirudishia karatasi kwa upole, na upole ule ulinichosha kuliko kama angefoka. "Makumbusho hayaweki nadharia kwenye kabati, kijana wangu. Tafuta kasha."

Tukatafuta kasha. Liko pale mpaka sasa, zuri, na kibao chake kina mshale.

Msinielewe vibaya, sikuacha kazi siku ile. Niliendelea kwa muda. Lakini kila kitu nilichokipindua baadaye nilikuwa nawaza nani atatoka nyumbani kwake ameumia kwa nilichokiona, na mtu akishafikia hapo mkono unakuwa mzito. Mkataba ulipoisha sikuomba mwingine. Dada Rehema bado yuko kazini, bado analala chini ya vitanda vya watu. Kuna watu kazi hii inawakaa. Mjichunguze mapema.

Kamati ilipopata habari kwamba makumbusho hayalitaki jeneza, ilikaa. Nilialikwa, nikakaa nyuma karibu na mlango. Wengine walisema aluminiamu inatosha. Mzee Mbwana akasimama.

"Lile jipya ni jepesi, sikatai. Lakini tulipombeba jirani yetu majuzi lilikuwa linalia kama sufuria za harusi, watoto wakadhani pilau inakuja. Wenye kupenda wabebwe nalo. Mimi nataka letu. Na hili letu ni wakfu, halitolewi tolewi kama kadi ya mwaliko. Likining'inizwa chini ya paa la nyuma litamsumbua nani?"

Imamu akaafiki. Jeneza likabaki kazini, likatundikwa chini ya paa la nyuma, na kila familia ya wafiwa ikaachiwa kuchagua. Bi. Zuhura alikuwa amepata alichokiomba, bila mimi kusema uongo. Ningeweza kupanda gari nikaenda zangu. Lakini nakala ya ripoti ilikuwa imeachwa kwa kamati, na kijijini maneno hayakai ndani ya bahasha. Lazima angesikia kwamba sehemu kubwa ya jeneza la baba yake haikuwa ya baba yake. Nilifikiri kutwa nzima kama ni bora asikie kwangu au kwa mtani.

Nilimkuta uani, anaanika nguo. Akanikaribisha kwa furaha, akataka kuniingiza jikoni kunipa chakula kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia hapo hapo, nimesimama, maana nikikaa nisingesema.

"Mama, nimelichunguza lile jeneza. Mipiko siyo ya mzee. Miguu pia siyo yake, wala fremu. Watu wamebadilisha kimoja kimoja kwa miaka mingi. Na hata sijui kama ni yeye aliyelianza. Inawezekana alilikuta."

Akabaki na kanga mkononi, maji yakidondoka miguuni pake.

"Hakuna chake hata kimoja?"

"Kipo, mama. Mbao mbili za katikati. Zile za chini, zinazokatiza. Hizo ni zake, nimelinganisha na mbuzi yako."

"Za katikati." Akafikiri. "Ndipo unapolala mgongo."

"Ndipo hapo."

"Na bado zinabeba?"

"Zinabeba, mama. Hazijalegea hata kidogo."

Akaikung'uta kanga, akaitandaza kwenye kamba, akainyoosha pembe kwa pembe. "Basi hao wengine nao wana mafungu yao humo," akasema. "Mbwana pia, na mdomo wake ule." Akachukua nguo nyingine ndogo kutoka kwenye beseni. "Baba hakuwa mtu wa kula peke yake. Ingia ndani, mwanangu, wali utapoa."